Hapo Pana Mwenyewe

Vijana wangu wa protokole, siku ile mliponivua koti langu la buluu la kazi mbele ya kanisa zima, mkanipigia makofi na kunipa saa ya ukutani, mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Saa yenyewe haitembei, lakini nimeitundika. Mambo ya kazi ndiyo haya. Msitafute humu habari za nani alipandishwa cheo na nani alistahili. Hayo mnayazungumza vizuri zaidi ninyi wenyewe kule nyuma ya vyoo, na mimi nilikuwa nawasikia.

Kazi yetu ni kupokea watu mlangoni mwa kanisa na kuwaonyesha pa kukaa. Basi. Asiyeijua anadhani ni kutabasamu na kunyoosha mkono. Mimi nimeifanya tangu kanisa letu lilipokuwa nyumba ya matofali ya udongo yenye mabenchi kumi na mawili, hapa hapa mtaa wa Kasuku, mpaka leo ambapo lina bafle za muziki ndefu kuliko mimi, na waumini sijui wangapi, maana hata ninyi mnaowahesabu kila Jumapili hamjawahi kupatana.

Siku yangu ya kwanza nilivunja benchi. Nilikuwa nimeoa juzijuzi tu, na mke wangu ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Zaka, nenda ukasaidie kanisani, kuliko kukaa hapa unaniangalia nikitwanga majani ya sombe." Nikaenda. Nikamkuta Papa Yuma, mlinzi wa mlango. Alikuwa mtu mfupi, shingo nene, yenye mikunjo mitatu kwa nyuma. Siku za juma alifanya kazi stesheni ya treni, kufunga na kufungua mabehewa. Jumapili alifika kanisani kabla ya mchungaji, kabla ya kuku wa mchungaji.

Tulikuwa tunayatoa mabenchi nje ili tufagie mavi ya popo. Mimi, kwa kujionyesha, nikashika upande wangu kwa mkono mmoja. Benchi likaniponyoka, likaniangukia mguu wa kushoto. Mguu wa benchi ukavunjika, na vidole vyangu viwili navyo vikavunjika. Papa Yuma akainama. Akaliangalia benchi kwanza.

"Wewe utapona," akaniambia. "Hii njo haiponi yenyewe."

Juma lile akaleta bolti nene ya reli, ya zamani, akaunga nayo mguu wa benchi. Bolti ilitokeza kwa pembeni, ikawachania mama wengi vitenge, lakini benchi halikuyumba tena. Likawekwa mwisho kabisa, kushoto, karibu na mlango. Papa Yuma akakaa ncha ya upande wa mlango, penye upepo, na mimi nikakaa kando yake kwa ndani, mwanafunzi wake. Na mimi nikabaki naburura mguu ule kidogo mpaka leo. Mnaoniigiza nikipita, mkidhani sioni, nawaona.

Hakunifundisha kwa daftari. Alinifundisha kwa kiwiko. Mtu akiingia, ananigusa mbavu kwa kiwiko: angalia. Ananiuliza kwa sauti ya chini: "Nani huyo?" Nikitaja jina kwa kuangalia sura, anatikisa kichwa. "Sura wanatengeneza," alisema. "Muntu akijua unamuangalia, anatengeneza sura. Shingo hakuna anayetengeneza. Sisi tunakaa nyuma, Zaka. Jifunze watu kwa nyuma." Nikajifunza. Baada ya mwaka nilijua shingo zote za kanisa. Nilijua shingo ya mwenye homa, shingo ya waliogombana asubuhi hiyo, shingo ya mama aliyepata mimba na bado hajamwambia mume wake.

Na alikuwa na neno moja la kazi, alilirudia mpaka nikalichoka: "Kwanza muntu, halafu kiti." Maana yake, usimpeleke mtu pale penye nafasi. Jua kwanza ni nani na amekuja namna gani, ndipo utafute pa kumweka. Mwenye kikohozi dirishani. Mjamzito karibu na mlango. Ndugu wawili wanaodaiana shamba, kila mmoja na benchi lake, lakini waweze kuonana. Aliyefiwa na mke usimpeleke kwenye benchi walilokaa wote wawili, ila akienda mwenyewe, muache aende.

Ibada yenyewe ilikuwa ngoma moja, kayamba mbili, na mwalimu wa korali, kwaya yetu, aliyeandika do-re-mi ubaoni kwa chaki. Mama yeyote aliweza kuanzisha wimbo kutoka pale alipokaa. Wengine walianzisha juu mno, tukifika kiitikio sauti zote zinakatika, tunacheka, mchungaji naye anacheka, tunaanza upya. Mnapoona nimesimama nyuma siku hizi na kutabasamu peke yangu, msidhani ni uzee. Ninasikia Mama Ana wa korali akianzisha juu.

Kisha vikaja vita. Treni ikaacha kufika. Chumvi ikawa kama dawa, sabuni tukaisahau. Mjini kulikuwa na watu wenye bunduki, na msituni kulikuwa na wengine wenye bunduki, na sisi katikati hatukuweza hata kwenda shambani kung'oa mihogo. Watu walitoroka kila mmoja kwa njia yake, wengine kwa mtumbwi, wengine kwa miguu, wengine hatukujua hata wametokea wapi. Ibada tukaifanya fupi, asubuhi, kwa sauti ndogo. Ngoma ililazwa chini ya benchi, uso wake ukiangalia sakafu, ili asiwepo mtu wa kujisahau akaipiga. Tuliimba midomo ikiwa karibu imefungwa. Jamani, mlio na mikro nne kwa mwimbaji mmoja, mngesikia watu hamsini wakiimba vile.

Ndipo Papa Yuma alipoanzisha desturi yake. Mtu akitoroka, nafasi yake kwenye benchi haikaliwi. Benchi la watu watano likawa na watu watatu na matundu mawili. Mgeni akija, akitaka kukaa pale, Papa Yuma anamshika mkono taratibu: "Samahani, hapo pana mwenyewe." Mgeni anaangalia, haoni mtu. Lakini anaelewa, kwa sababu hata yeye huko alikotoka kuna mahali ameacha wazi.

Na habari ya kifo ikifika, habari ya kweli, si ya sokoni, Papa Yuma alikwenda yeye mwenyewe kukaa katika ile nafasi Jumapili moja, ibada nzima. Hakuna aliyetangaza kitu. Tulimwona tu ameondoka mlangoni, amekaa benchi la tatu au la saba, na familia inaanza kulia. Jumapili inayofuata, nafasi ile ilikuwa huru, yeyote angeweza kukaa. Katika mwaka ule mbaya zaidi alihama mlango mara nyingi sana. Siku moja aliniambia, "Zaka, matako yangu sasa yanajua kanisa zima." Tukacheka, halafu akafuta macho.

Mke wake, Mama Sara, alikuwa mchuuzi. Kabla mji haujafungwa alikwenda machimbo ya Kama kuwauzia wachimba dhahabu vitenge na chumvi, pamoja na binti yao. Njia ikafungwa nyuma yao. Papa Yuma alingoja, akangoja, mpaka siku moja baada ya ibada akaniambia anavuka mto, anawafuata kwa miguu. Nikamwambia ni wazimu. Akasema anajua.

Tulikuwa tumesimama penye lile benchi lenye bolti. Akapapasa pale alipozoea kukaa, kama mtu anayepapasa mgongo wa mbuzi wake. "Tunza mlango," akasema. "Na hapa pana mwenyewe. Usikubali mtu ananikalia." Alisema kwa utani, lakini mkono wake haukuondoka upesi pale ubaoni.

Hakurudi. Mwaka ukapita, na mwingine. Vita vikapungua, vikaisha kwetu mjini. Wengi walirudi wakakaa mahali pao, na kila aliyerudi tulimpigia ngoma, maana tulikwisha kuigeuza. Mtu mmoja akasema alimwona Papa Yuma amekufa njiani. Mwingine akasema si yeye. Habari ya kweli haikufika, basi mimi sikukaa mahali pake. Nilikaa pale pale kwa ndani, na kando yangu pakawa wazi, na kila mgeni nilimwambia: hapo pana mwenyewe.

Sasa msinisome vibaya. Kanisa lilipoanza kuwa kubwa, mimi nilifurahi. Alikuja mchungaji mpya, kijana, mwenye sauti na mipango. Wakaja wafanyabiashara wa Kivu Kaskazini waliofungua maduka hapa, watu wa sala na watu wa kazi. Mama Kavira, yule wa duka la vifaa vya ujenzi, alitoa mabati ya nusu ya paa. Zikaja gitare, ikaja batri, zile ngoma nyingi za mpigaji mmoja, ikaja piano na moteri ya kuipa umeme. Wazee wenzangu walinung'unika kwamba ni bar, si kanisa. Mimi nilimwona mama mmoja aliyepoteza watoto wake wawili vitani, aliyekuwa hasemi na mtu. Nilimwona siku ile batri ilipopigwa mara ya kwanza. Shingo ikaanza kutikisika. Halafu mabega. Halafu mama akatoka katikati akacheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, analia na kucheka pamoja. Ngoma yetu ya zamani isingemfikia. Ndiyo sababu sijawahi kuwaambia mpunguze sauti, ila siku ile mlipovunja kioo.

Nyumba ya zamani ikabomolewa ili pajengwe hili jumba. Mabenchi yote kumi na mawili wakapewa watu wa kikanisa kidogo ng'ambo ya mto, Alunguli. Kikanisa gani, sikuuliza. Mimi nilikuwa na shughuli ya kupanga viti vipya vya plastiki. Nililiona lile benchi la bolti likibebwa kwenda kwenye mtumbwi, miguu juu, na moyo ukanipiga kidogo. Nikasema nitafuata baadaye nijue limekwenda wapi. Baadaye, mnaijua baadaye ya watu wenye kazi nyingi.

Katika jumba kubwa hakuna kiwiko. Tukatunga ishara za mikono, mnazozijua: kiganja chini, kaa hapo, vidole viwili, nipe nafasi mbili, mkono begani, mpeleke karibu na mlango, kidole gumba kuonyesha nyuma, mpeleke nje kwenye hema, atatazama ibada kwenye ekrani. Mchungaji alitaka mbele kujae kwanza, kwa ajili ya kamera. Alitaka viti vya upande wa kushoto karibu na mlango viwe vya wageni wa heshima na wale waliosaidia ujenzi, ili wakichelewa waingie bila kusumbua. Yote yalikuwa na maana. Niliwafundisha ishara hizo kwa bidii, na mlizishika vizuri kuliko mimi. Lile neno la mtu na kiti sikuwafundisha. Halikuwa na ishara.

Jumapili moja, nyimbo za sifa zimekwisha kupamba moto, nilisimama kwenye mlango wa nyuma, pamba masikioni kwa sababu ya bafle. Nikaona mbele yangu, kushoto, mzee mmoja amejikalia kwenye kiti cha Mama Kavira. Shati lake lilikuwa la kijani, limepauka, na kofia ameshika mkononi. Sikuona sura. Niliona shingo, imekonda, ngozi imelegea, mikunjo mitatu.

Nawaambia kweli mbele ya Mungu, kitu fulani kiligonga ndani yangu. Nikafikiri: huyu namjua. Na wakati huo huo mchungaji akaniangalia kutoka jukwaani, kisha akakiangalia kile kiti. Nikamtafuta Furaha, ambaye ndiye aliyeshika upande wa kushoto siku ile. Nikainua mkono. Kidole gumba, nyuma. Furaha akainama, akamwambia mzee maneno fulani, mzee akanyanyuka polepole akimshika mkono, wakatoka. Ilichukua muda mfupi tu. Ilikuwa kazi safi, bila kelele, kama nilivyofundisha.

Mama Kavira alikuwa amesafiri Butembo. Kile kiti kilibaki kitupu mpaka baraka ya mwisho.

Mwaka mzima ukapita. Siku moja nikawa nafundisha protokole wapya, tumekaa duara. Nikawaambia wa zamani watoe visa vya kuchekesha ili wapya wasiogope. Furaha akainua mkono. Akasema, "Mimi nakumbuka muzee mumoja, Papa alinipa ishara nimutoe kwa kiti ya Mama Kavira. Nilipomufikisha kwa hema akaniuliza, nani anawafundisha hii kazi? Nikamwambia, ni Papa Zakaria. Akashangaa, 'Zaka iko muzima?' Nikamwambia iko muzima, njo yule anasimama kwa mlango, nikuitie? Akasema, 'Hapana, usimusumbue, iko na kazi.' Akacheka, akanipapasa kichwa. Akaniambia, 'Mutoto yangu, kwanza muntu, halafu kiti.' Halafu akaenda zake, hata hakungoja mahubiri."

Wote wakacheka. Furaha akaniangalia, akaacha kucheka. "Papa, nimesema vibaya?"

Mnakumbuka kwamba siku ile nilifunga mafunzo mapema, nikasema nina malaria. Sikuwa na malaria. Nilikwenda nyuma ya jumba, pale palipokuwa zamani ua wa nyumba ya matofali, sasa pana moteri na madumu ya mazutu ya kuiendesha, nikakaa juu ya dumu nikalia kama mtoto. Mtu alitembea kutoka katikati ya vita, akatafuta mlango wake, akaenda akakaa mahali pake hasa, kushoto, penye upepo, kwa maana hata kama jumba limebadilika, yeye alipajua. Na mimi niliyeachiwa nafasi hiyo niitunze, mimi ndiye niliyemtoa. Si Furaha. Furaha alifuata mkono wangu.

Nyumbani nikamwambia mke wangu. Hakunifariji, hana tabia hiyo. Alisema, "Na ukae hapo basi, ulie mpaka mzee afe." Jumapili iliyofuata nikaomba ruhusa kwa mchungaji. Furaha alikuwa amenieleza kwamba mzee alishuka kuelekea bandarini, penye mitumbwi ya kuvukia. Basi alikuwa Alunguli.

Ninyi mliokulia katika jumba hili hamjui kuna makanisa mangapi madogo ng'ambo ile. Kila barabara ina lake, na mahali pengine mawili yanatazamana. Jumapili ya kwanza niliingia moja lenye waumini kumi na mmoja na bafle kubwa kuliko mchungaji. Aliipigia kelele mikro kana kwamba tuko Kisangani naye yuko hapa. Nikaingia lingine ambamo wote walikuwa manabii, hakukuwa na wa kutabiriwa, wakanifurahia mno nilipofika. Lingine liliimba wimbo wetu, ule ule wa korali yenu, kwa makopo na kijiti, na nikiri lilinipendeza kuliko la kwetu. Kila mahali nilisimama nyuma, nikapitia shingo zote. Kila mahali nikauliza: Papa Yuma? Mzee wa stesheni? Hapana. Jumapili mbili, tatu, nne. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba nitamkuta nimechelewa, na nitaonyeshwa kaburi.

Jumapili ya tano nilipita kando ya nyumba ya miti na udongo, paa la nyasi, nyuma ya mashamba ya mpunga. Ngoma ilikuwa inapigwa, moja tu. Nikachungulia. Watu walikuwa labda thelathini. Kabla sijaona mtu yeyote niliona bolti ya reli, imetokeza pembeni mwa mguu wa benchi, mwisho kabisa, kushoto, karibu na mlango.

Penye ncha, penye upepo, alikaa mtu mwenye shati la kijani. Mikunjo mitatu. Kando yake, kwa ndani, palikuwa wazi, na kanisa lilikuwa limejaa hivi kwamba watoto wamekaa sakafuni.

Nilifikiri nitakaa tu kimya kando yake, aone mwenyewe. Nikaingia, nikainama kukaa. Mama mmoja wa benchi la mbele akageuka haraka, akanishika mkono, taratibu, kwa adabu.

"Samahani Papa," akasema. "Hapo pana mwenyewe."

Nililijua neno hilo kwa uzito wake wote. Nikafikiri: basi, amepata mwanafunzi mwingine, au ni nafasi ya Mama Sara, na mimi nimestahili. Nikaomba radhi, nikaanza kurudi ukutani.

Papa Yuma hakugeuka. Macho yake, nilikuja kujua, yalikuwa yamekwisha kuharibika, anaona mwanga tu. Aliinua kiganja kumzuia yule mama.

"Muntu huyo anaburura mguu wa kushoto," akasema. "Muache. Huyo njo mwenyewe wa hapo."

Nikakaa. Nafasi ilikuwa finyu, mimi nimenenepa, yeye amekonda, ikapatana. Mama mmoja akaanzisha wimbo, juu mno, tukakwama kwenye kiitikio, watu wakacheka, tukaanza upya, na mimi sikuweza kuimba hata neno moja. Alinigusa mbavu kwa kiwiko.

Baada ya ibada tulibaki tumekaa. Aliniambia kwamba Mama Sara na binti yao aliwapata, wakakimbilia mbali, mpaka Obokote, wakalima. Mama Sara alizikwa huko. Binti akaolewa huko huko. Yeye akarudi kwa mpwa wake, hapa Alunguli. Aliuliza habari za mke wangu, za mguu wangu, za watu wa mabenchi yale, mmoja mmoja, kwa mpangilio, benchi la kwanza mpaka la kumi na mbili. Nikamwomba msamaha. Nilisema yote: kidole gumba, kiti cha Mama Kavira, shingo yake niliyoiona nikaijua nusu.

"Muziki yenu inafika mpaka huku," alinijibu. "Siku ya Mungu tunangoja munyamaze, njo tunaanza yetu. Ni muziki nzuri. Ile batri, kijana anajua." Akanigusa goti. "Na yule binti alinitoa vizuri, hakunivuta. Ulimufundisha vizuri."

"Kwa nini hukuniita, Papa? Kwa nini hukurudi siku nyingine?"

"Nilivuka kujua kama uko muzima. Nikaambiwa uko muzima. Na uko na kazi."

Niliangalia ile nafasi nilipokaa. Ubao wake haukuwa na vumbi, mtu aliufuta kila juma.

"Na hapa," nikamuuliza, "mmenitunzia tangu lini?"

"Tangu siku ile ulinitoa," akasema. "Nilirudi na mtumbwi, ibada ya huku ilikuwa haijaisha. Nikawaambia, hapa pana mwenyewe, iko anachelewa."

Nimestaafu, mnajua. Mchungaji ameniambia kuna kiti changu cha heshima kule mbele, kushoto, na ninamshukuru. Mkipata mtu amechoka, mpeni. Mimi Jumapili navuka mto asubuhi, maana nikichelewa kule watu wanageuka kuangalia mlango.